Mabao ya Raihana

Goti la Raihana liliharibika mazoezini, wala hakuna aliyemgusa. Aligeuka kuufuata mpira, mguu ukabaki palepale, mwili ukaenda. Wenzake waliokuwa karibu walisema walisikia kitu kikilia. Zilikuwa zimebaki siku chache tu mashindano ya taifa ya mpira wa wanawake wa vyuo vikuu yaanze mjini Bujumbura, na Chuo cha Akasia, ambacho hakikuwahi kuvuka raundi ya kwanza, kilikuwa kimetundika matumaini yake yote kwenye miguu ya msichana huyo.

Kudra alizipata habari dukani. Duka lilikuwa la baba yake mkubwa, Tajudini, pale Buyenzi katikati ya magereji, la vipuri: buji za kuwashia injini, plaketi za freni, mikanda ya feni, vioo vya pembeni vya magari ambayo hayatengenezwi tena popote duniani. Kudra alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ile tangu alipofariki baba yake, ambaye alikuwa mdogo wake Tajudini. Wakati huo alikuwa amebakiza mwaka mmoja afanye mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. "Simama dukani kidogo," baba mkubwa alimwambia baada ya arobaini. "Mwakani utarudi shule." Mwakani ukaja, ukapita, ukaja mwingine. Tajudini hakuwa mtu mbaya. Nyumba aliyokaa Kudra na mama yake ilikuwa yake, mchele na mafuta vilifika kila mwezi, na Idi haikupita bila kitambaa kipya. Ila neno shule likitajwa mbele yake alikuwa na tabia ya kuangalia saa.

Jioni ile hakuangalia saa. Aliingia dukani na mwanamume mrefu mwenye filimbi shingoni, akavuta mlango wa bati nusu, akasema, "Kudra, huyu ni kocha Népomuscène, wa chuo cha dada yako."

Kocha hakusalimia. Alimtazama Kudra usoni, akainama kidogo amtazame kwa upande, kisha akacheka peke yake.

"Mais, ni yeye kabisa! Hata hapa." Akagusa kidevu chake mwenyewe.

Ni kweli walifanana. Watoto wa ndugu wawili, waliozaliwa mwaka mmoja, walilala kitanda kimoja mpaka Tajudini alipojenga Kinindo na kuhamisha familia yake kwenye nyumba zenye kuta na maua. Mpira walijifunza kwenye uchochoro mmoja, nyuma ya gereji, wakipiga chenga matairi mabovu. Watu wazima walikuwa wakisema Raihana ana nguvu na Kudra ana akili ya mpira. Watoto wenzao walisema tu kwamba Kudra ndiye mkali.

Kocha alieleza upesi, kama mtu anayeagiza soda. Kadi ya Raihana ya chuo ilikuwa na picha yake amevaa hijabu. Kudra naye akivaa hijabu, kamishna wa mechi ataona nini? Ataona hijabu na kidevu. Wachezaji wameshaambiwa na wamekubali.

"Ni kudanganya," Kudra alisema.

"Ni kusaidia dada yako," Tajudini akajibu. "Tangu aumie hali, halali. Timu ameianzisha yeye mwenyewe, alienda chumba kwa chumba kutafuta wasichana. Sasa ife hivi hivi?"

"Na mi, baba mkubwa?"

Magereji ya jirani yalikuwa yakigonga vyuma. Tajudini alisubiri zile nyundo zinyamaze.

"We ni mutoto wangu. Kombe likiingia, Septemba unarudi shule. Nakuambia mbele ya huyu bwana."

"Na ukishapata diplome," kocha akadakia, "Akasia mlango uko wazi. Mi mwenyewe nitakushika mukono mpaka kwa rekta."

Kwa miaka yote Kudra alikuwa ameambiwa mwakani. Hakuna aliyewahi kumtajia mwezi. Alishika ukingo wa kaunta, akasema atacheza.

Mama yake, Saliha, alikuwa akichagua mchele uani alipoambiwa. Hakuinua kichwa.

"Na ukivunjika muguu," aliuliza, "utakuwa umevunjika muguu wa nani?"

"Mama, Septemba narudi shule. Amesema mwenyewe."

Saliha alitupa kijiwe pembeni, akakiangalia kilipoangukia. "Nyumba hii ni yake," akasema. "Nenda."

Siku ya mechi ya kwanza basi la chuo halikuwa na mafuta, kama mabasi mengi ya mji mwezi ule, kwa hiyo timu ilitembea mpaka uwanjani na jezi mabegani. Njiani wasichana walifanya mazoezi ya kumwita. "Raihana, nyuma yako! Raihana, pasi!" Walicheka, naye akacheka. Mara mbili aliitwa asiitike, na nahodha, msichana mmoja mnene mpole aitwaye Jovithe, akamshika bega: "Dada, jina ni lako mpaka fainali. Lizoee."

Kamishna alishika kadi, akaangalia picha, akamwangalia Kudra, akapitisha. Ikawa imekwisha. Kudra alikuwa ameliogopa tangu asubuhi jambo lililochukua muda mfupi kuliko kumpimia mteja mkanda wa feni.

Kisha akakanyaga nyasi. Tangu azaliwe alikuwa amechezea vumbi, changarawe na matope ya masika, na hakujua kwamba mpira ukipigwa kwenye nyasi unakwenda kweli pale ulipoutuma. Dakika za mwanzo alicheza kwa woga, akiutuma mpira mbali na nafsi yake. Halafu beki mmoja wa upande wa pili akamkanyaga kwa makusudi, na hasira ikamsahaulisha yeye ni nani. Alichukua mpira katikati, akapita mmoja, akamvuta wa pili mpaka kwenye mstari, akaukata ndani, akapiga. Kipa hakuruka hata. Wasichana wa Akasia walimwangukia wote, na Jovithe akampigia kelele sikioni jina la Raihana, na Kudra, chini ya ule mrundo wa watu wenye jasho, alifurahi hivyo hivyo. Furaha haikuuliza ni ya nani.

Tatizo lilitoka ukutani. Vijana wa Buyenzi walikuwa wamepanda ukuta wa uwanja kuangalia bure, na walipoliona lile bao wakaanza: "Kudra! Kudra! Kudra!" Kamishna akageuka. Kocha Népomuscène alimfuata mbio mpaka mezani kwake, akasema kitu, akacheka, kamishna akacheka pia. Baadaye Kudra aliuliza alimwambia nini.

"Nimemuambia ni jina lako la utani."

Katika robo fainali jukwaa zima la Akasia lilikuwa likiimba Kudra. Wengine hawakujua. Wale waliosoma darasa moja na Raihana walijua kabisa kwamba Raihana yuko nyumbani na magongo, na wao ndio waliopiga kelele kuliko wote. Kombe ni kombe. Redio ikatangaza kwamba mshambuliaji hatari wa Akasia, Raihana, ambaye mashabiki wanapenda kumwita Kudra, amefunga tena mawili. Akiwa dukani siku iliyofuata, akitafuta filta ya lori, Kudra alisikia mteja mmoja akimwambia mwenzake: "Yule mutoto wa Tajudini anacheza, wallahi, kama mwanaume." Alimpa filta yake, akamrudishia chenji.

Kila baada ya mechi alikwenda Kinindo kumsimulia Raihana. Alimkuta amekaa sebuleni, mguu juu ya mito, simu mkononi. Mara ya kwanza Raihana alimrukia kwa maswali. "Nielezee tena! Ulimupita kwa kulia ao kwa kushoto?" Alitaka ajue upepo ulikuwa unatoka wapi, Jovithe alisema nini, kocha alimkemea nani. Mara ya pili aliuliza kidogo. Siku ya nusu fainali, iliyoishia mbili kwa moja na yote mawili yakiwa ya Kudra, aliinua mkono kabla Kudra hajakaa.

"Usinielezee. Nimesikia redioni."

Kudra akakaa. Kwa dirisha kulionekana ziwa, na ng'ambo yake milima ya Kongo ikiwa na mawingu.

"Watu wananitumia hongera," Raihana alisema. "Shangazi wa Rumonge, walimu wangu wa zamani. Wanasema nimekuwa mukali sana siku hizi." Akageuza simu ikalala kifudifudi. "Lile bao la pili. Mi nikiwa muzima nisingelifunga."

"Ungelifunga."

"Usinidanganye, we Kudra. Tangu utoto hukuwahi kunidanganya kwa mupira." Akachezea kona ya mto. "Daktari amesema operesheni yenyewe haifanyiki hapa. Na hata ikifanyika, mupira basi."

Kudra alimshika kifundo cha mguu ule mzima, kama walivyokuwa wakishikana zamani wakiogopa radi, na wakakaa hivyo mpaka mfanyakazi alipoleta chai.

Fainali ilichezwa kwenye uwanja mkubwa wa mjini, dhidi ya Chuo cha Saint-Hilaire. Tajudini alikuja na kanzu nyeupe, akakaa jukwaa la wageni, na pembeni yake, magongo yakiwa katikati ya magoti, alikaa Raihana na miwani ya jua. Kudra aliwaona wakati wa kupasha moto misuli. Alitaka kupunga mkono, akakumbuka, akajifunga upya kamba za viatu.

Saint-Hilaire walikuwa na mchezaji wa kiungo aitwaye Kelly, mwembamba, mwenye mapafu ya punda, ambaye alimfuata Kudra kila aendako. Kipindi cha kwanza Kudra hakuona mpira. Wakafungwa moja. Baada ya mapumziko Jovithe alisawazisha kwa kichwa, na kutoka hapo mechi ikawa ya kukabana tu, viwiko na matusi ya chini kwa chini, jua likichoma, waamuzi wamechoka. Karibu na mwisho mpira ulimwangukia Kudra nyuma ya mabeki. Kelly alikuwa ameteleza. Kipa akatoka. Kudra alisubiri, akasubiri hata watu jukwaani wakapiga kelele kwamba amechelewa, kipa akalala chini, naye akauinua mpira juu yake polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Alikimbia kuelekea jukwaani. Hakupanga, miguu ilimpeleka. Watu wote upande ule walikuwa wamesimama, Tajudini amesimama mikono juu, kofia imemwanguka. Raihana peke yake alikuwa amekaa. Miwani ya jua ilimtazama Kudra moja kwa moja, na mdomo chini yake haukuwa ukicheka wala kulia. Kudra akapunguza mbio. Wenzake wakamfikia kutoka nyuma, wakamwangusha.

Filimbi ilipolia ya mwisho, timu zikajipanga kupeana mikono. Kelly alipofika kwake hakuuachia mkono.

"Hongera, Kudra," akasema kwa sauti ya chini.

Kudra akageuka kuona kama mwamuzi amesikia.

"Mi ni wa Bwiza, jirani na kwenu," Kelly akasema. "Nimekuona ukicheza mutaani mara ngapi! Si siri."

"Kwa nini hamukusema?"

Kelly alitupa jicho kwa wenzake. "Yule namba sita wetu iko na mutoto darasa la tatu. Chuo chenyewe hajui mulango wake uko wapi. Nani amuseme nani?" Akamwachia mkono. "Mi nasoma kweli. Nimefungwa na wewe, na bado mi ndiye mujinga."

Walitangaza mchezaji bora wa mashindano, wakataja Raihana wa Akasia. Kudra alipanda jukwaa, akapokea mpira wa shaba uliosimamishwa juu ya kibao, akapigwa picha akiwa ameinamisha kichwa kama kocha alivyomfundisha. Aliposhuka, mtangazaji wa redio, mama mmoja mchangamfu aitwaye Odette, alikuwa akimsubiri na kipaza sauti. Akamwuliza kwa Kifaransa: anasoma nini, mwaka wa ngapi?

Kifaransa cha Kudra kilikuwa cha shule ya zamani, kimeshika kutu kwenye maboksi ya buji. "Droit," akajibu. "Deuxième." Odette akamwuliza tena, sentensi ndefu, kuhusu namna anavyolinganisha masomo na michezo. Kudra alishika maneno mawili. Akasema, "Oui." Odette akasubiri. Watu waliosimama karibu wakasubiri. Jasho likamwingia Kudra machoni, na akahisi fedheha ambayo hakuna beki aliyewahi kumpa, kwamba wote hawa wanasikia kuwa mwanafunzi wa sheria hawezi kuunga sentensi.

Odette alimwonea huruma, akageukia Kiswahili. "Na hili jina la Kudra, dada, limetoka wapi?"

Kocha alikuwa amesimama hatua mbili tatu kutoka pale, akitikisa kichwa kidogo. Kudra alimwangalia. Aliuangalia mpira wa shaba mkononi. Kibao kilikuwa kimeshachongwa jina.

"Ni jina langu," akasema.

"Ndiyo, lakini limetoka wapi?"

"Mi ni Kudra. Ndiyo jina langu. Alinipa baba yangu."

Alisubiri dunia ianguke. Odette akacheka, cheko zuri la mtu mwema.

"Mumesikia, wasikilizaji! Jina la utani, na alipewa na baba yake mwenyewe! Hongera sana, Raihana."

Jumapili iliyofuata Tajudini alifanya karamu Kinindo. Alichinja mbuzi wawili, akaita watu wa chuo, wafanyabiashara wenzake, majirani wanaofanya kazi kwenye mashirika, wenye magari yao. Saliha na Kudra walikuja tangu alfajiri kupika, kama walivyokuja kwenye kila shughuli ya nyumba ile. Kudra alimenya vitunguu, akakoleza moto, akapakua pilau kwenye sinia. Uani wanawake walimnong'oneza, "We ndiye uliyefunga, eh?" wakamkonyeza, wakaendelea kukaanga nyama. Hapakuwa na aliyeona ajabu.

Rekta, mkuu wa Chuo cha Akasia, alikuja, mzee mwenye sauti ya kanisani. Kudra aliingia na sinia akamkuta amesimama anahutubia. Raihana alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa karibu naye, amevaa gauni jipya, mpira wa shaba mapajani.

"Msichana huyu," rekta alisema, "aliumia goti kwenye fainali, akitetea rangi zetu, na hakukubali kutoka uwanjani!"

Makofi. Kudra alimtafuta kocha kwa macho. Népomuscène alikuwa akipiga makofi na mdomo umejaa. Labda rekta alikuwa amedanganywa. Labda aliutunga uwongo huo mwenyewe kwa sababu ulikuwa mtamu. Akaendelea: kwa kuwa mchezaji bora amealikwa kwenye michezo ya vyuo vya kanda huko Kampala, na kwa kuwa ameumia kishujaa, chuo kimeamua aende hivyo hivyo, kama balozi wa timu, abebe bendera. Makofi tena, na vigelegele vya wanawake kutoka dirishani. Raihana aliinua macho, akamwona Kudra mlangoni na sinia. Uso ukambadilika. Kisha akatazama mapajani, akaanza kufuta mpira wa shaba kwa kidole, mahali ambapo hapakuwa na doa.

Kudra aliweka sinia mezani. Alingoja wageni wakubwa waondoke, wabaki watu wa nyumbani na kocha aliyekuwa akimalizia mbavu. Halafu akamwendea Tajudini, akapiga goti kidogo kama ilivyo adabu.

"Baba mkubwa. Septemba iko karibu. Nilitaka kujua nijiandikishe shule gani."

Tajudini alikuwa na furaha siku ile, na ilionekana kwamba swali lilimwumiza kwa kuiharibu. Akaangalia saa.

"Mutoto wangu. Umefanya vizuri sana, Mungu akulipe. Lakini fikiri kidogo. Duka nani atasimama? Wale vijana wa kuajiri ni wezi. Na umeshapita umri wa kukaa na watoto darasani. Ngoja tuone mwakani."

"Ulisema Septemba. Mbele ya kocha."

Wote wakamgeukia kocha. Népomuscène alipangusa vidole kwa karatasi. "Mi nilisema ukipata diplome," akasema. "Bila diplome mi nitafanya nini? Mi ni mutu wa mupira."

Kudra akageukia kiti kikubwa. "Raihana. Mwambie baba."

Kama kuna jambo ambalo baadaye lilimrudia, akiwa kazini, akiwa anatembea, halikuwa rekta wala kocha wala hata Tajudini. Lilikuwa ule muda Raihana aliouchukua kabla ya kujibu. Ulitosha kwa mtu kukumbuka kitanda kimoja, uchochoro mmoja, miaka yote. Alikumbuka, ilionekana usoni kwamba alikumbuka. Kisha akasema, "Baba amechoka leo, Kudra. Tutaongea siku nyingine."

"Siku gani?"

"Sijui." Na ghafla, kwa sauti kali iliyotetemeka: "We bado uko na miguu! Unataka nini tena kwangu? Mi nimebaki na hiki tu!" Akaukumbatia ule mpira wa shaba kifuani.

Kudra alimtazama, na hasira yote aliyokuwa ameileta ikakosa mahali pa kukaa, kwa sababu aliona kwamba Raihana anasema kweli, na kwamba ukweli huo haumsaidii yeye kitu.

"Basi baba mkubwa," akasema, "kesho usinisubiri dukani."

Mama yake alimvuta mkono toka nyuma. Akautoa taratibu, akaingia jikoni kuchukua viatu vyake.

Tajudini hakuwafukuza nyumbani. Alifanya la kumaliza zaidi: aliendelea kuleta mchele. Kila mwezi gunia dogo lilishushwa mlangoni na mtu wa duka, na kila aliyemwuliza Tajudini alijibu kwa upole kwamba mtoto wa marehemu mdogo wake amevimba kichwa baada ya kuguswa kidogo na sifa, lakini damu ni damu. Buyenzi nzima ikamsifu kwa moyo wake. Saliha alimlazimisha Kudra alibebe gunia lenyewe na kuliingiza ndani. "Hasira yako haipikwi," alimwambia.

Kudra alipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha sabuni upande wa bandari. Alisimama kwenye mashine ya kukata miche, maji ya magadi yakitiririka sakafuni, akatoka jua limekwisha zama na uwanja wa mtaani hauonekani. Aliulizia masomo ya jioni kwa wanaotaka kufanya mtihani wa serikali kama watu binafsi. Walimkubali. Wiki ya pili kiwandani wakambadilishia zamu, wiki ya tatu tena, na mwalimu akamwambia bila ubaya wowote kwamba mtu hawezi kusoma hisabati kwa kuruka. Akaacha. Vijana wa mtaa walikuja mara kadhaa kumwita kwenye mechi za Jumapili. Alikwenda mara moja. Alicheza vizuri, wakamwimba jina lake, naye akajikuta anasikiliza kama linaitwa la mtu mwingine. Hakurudi.

Picha za Kampala alizionea kwenye simu ya mfanyakazi mwenzake: Raihana mbele ya msafara na bendera, gongo moja tu sasa, anatabasamu, amependeza. Chini watu walikuwa wameandika hongera nyingi.

Raihana aliporudi alikuja Buyenzi siku moja mchana, peke yake kwa teksi. Alikaa na Saliha, akanywa chai, akaulizia afya ya kila mtu. Hakutaja duka wala shule. Wakati wa kuondoka alitoa kwenye mfuko suti ya michezo, treningi nzito ya kijani na nyekundu, jina la nchi na la michezo ya vyuo mgongoni.

"Walitupa mbili mbili," akasema, akiangalia chini. "Nikachukua moja saizi yako."

Saizi zao zilikuwa moja tangu utoto. Kudra alijua kwamba angepaswa kuikataa. Alijiona akiikataa, akairudisha mfukoni, akisema neno moja ambalo Raihana angeondoka nalo maisha yake yote. Badala yake alinyoosha mikono miwili akaipokea, kama mtu mdogo anavyopokea kwa mkubwa, na akasema asante. Mama yake akasema asante pia, kwa sauti kubwa zaidi. Raihana alisimama mlangoni kidogo kama anayengoja kitu, kisha teksi ikapiga honi.

Ilikuwa ya kitambaa kizuri, kizito, na kiwandani asubuhi kulikuwa na baridi ya maji. Kudra akaanza kuivaa kazini, ndani ya aproni. Mwanamke mpya kwenye mstari, Fadhila, aliona maandishi mgongoni wakati wa kubadili nguo, akapiga mluzi.

"Eh! We ulichezea timu ya vyuo?"

"Apana," Kudra alisema. "Ni ya dada yangu."

"Yule Raihana? Yule wa redioni? Ni dada yako kweli?" Fadhila alimshika mkono. "Mi nilikuwa nasikiliza fainali ile, nikalia. Bao lile! Alifanyaje hata akasubiri vile?"

Msimamizi alikuwa ameshawasha mashine, na mashine ikiwaka hapo hakuna anayesikilizana. Kudra alisogeza mdomo kwenye sikio la yule mwanamke, akamweleza kwa sauti ya kupiga kelele kipa alivyotoka, kiungo alivyoteleza, na kwamba Raihana alisubiri kwa sababu alijua kipa atalala kwanza. Fadhila alitikisa kichwa kwa furaha. Kisha miche ikaanza kushuka na kila mmoja akarudi mahali pake. Baada ya wiki chache magadi yalikuwa yameshatoboa magoti ya treningi yote mawili.